Boksi la Vitabu Hadi Marikina

Kampuni za mizigo za mtaa wa Satwa, Dubai, hazipimi uzito wa boksi linalokwenda Manila kwa meli. Bei ni ya ukubwa. Ujaze pamba, ujaze mawe, utalipa kile kile, na ndiyo maana Wafilipino wanaofanya kazi Ghuba hulishindilia boksi mpaka linavimba mbavu: nyama za makopo, sabuni, chokoleti, taulo, viatu vya watoto. Mwenzangu wa kazini, ambaye hotelini sote tunamwita Ate kama kwao wanavyomwita dada mkubwa, aliona zamani kwamba hakuna mzigo unaofaidi bei hiyo kama vitabu.

Vitabu tulivipata vyumbani. Mgeni anaondoka alfajiri kuwahi ndege, anasahau riwaya chini ya mto. Muda wa kuihifadhi ukipita bila mwenyewe kuiulizia, msimamizi anaturuhusu tuichukue. Ate yuko usafi wa vyumba, mimi niko dobi, kwa hiyo vilivyofungwa ndani ya mashuka vilinifikia mimi. Nikavikusanya kwenye mfuko, yeye akavituma kwao Marikina, mji wa jirani na Manila, kwenye chumba cha kusomea kinachoendeshwa na watu wa kujitolea wa mtaa wake. Mwaka mmoja likizo zetu ziliangukia Agosti. Badala ya kwenda Mombasa nikakata tiketi ya Manila. Mama alinuna, na ana haki yake. Mimi nilitaka kuona vitabu vile vinaishia wapi.

Agosti huko ni masika yao. Tulitua mvua inanyesha, tukalala mvua inanyesha. Kabla ya kwenda kwao, Ate alinipitisha Makati. Ukitaja Makati watu hufikiria mabenki na majengo marefu, lakini kuna mtaa mdogo wenye jina la mshairi Balagtas, na hapo pana nyumba ambayo vitabu vimetoka ndani vikajaa nje. Ni maktaba ya Hernando Guanlao, mzee ambaye wengi humwita Nanie. Mwaka 2000, baada ya wazazi wake kufariki, alitoa vitabu vyake mwenyewe, havikufika mia, akavipanga nje ya mlango wa nyumba ili kuwakumbuka waliomfundisha kupenda kusoma. Hakuweka kadi wala faini. Ukitaka kitabu unachukua, ukitaka kukirudisha unarudisha, ukitaka kubaki nacho kaa nacho. Mtu yeyote mwenye akili ya duka angesema rafu zitakauka baada ya wiki. Zikafurika. Watu walileta vingi kuliko walivyochukua, mpaka naye akaanza kupakia baiskeli na kuvipeleka mitaa mingine.

Hatukumkuta mwenyewe, na sikusikitika sana. Mtu akishaandikwa na magazeti ya dunia hana raha ya kukaa barazani kwake. Nilisimama nikapekua. Kulikuwa na vitabu vya kiada vya hesabu, vya sheria, majarida yaliyokunjamana, riwaya za mapenzi za Kiingereza nyingi ajabu. Kijana mmoja mwenye sare ya ulinzi alikuwa amechuchumaa anasoma, hakuinua kichwa hata tulipomruka miguu. Ate akaniambia wao Marikina walijifunza hapa kutoogopa kuibiwa. Kitabu kilichoibiwa, alisema, angalau kina msomaji.

Kutoka hapo tukaenda Maktaba ya Taifa, barabara ya T.M. Kalaw, kando ya bustani ya Rizal. José Rizal alipigwa risasi na Wahispania kwenye viwanja hivyo tarehe 30 Desemba 1896, akiwa na umri wa miaka 35, na kilichowaudhi kwa muda mrefu ni riwaya zake mbili, moja iliyochapishwa Berlin mwaka 1887 na nyingine Ghent mwaka 1891. Sheria ya mwaka 1956 inalazimisha shule na vyuo vyote kuzifundisha. Kwetu waandishi wamefungwa, wamehamishwa. Hawa wenzetu shujaa wao mkuu ni mwandishi wa riwaya, na sanamu yake iko karibu kila uwanja wa mji.

Ila jengo lenyewe lina huzuni yake. Vita vya Manila vya Februari na Machi 1945 viliua raia wapatao laki moja na kuuteketeza mji, na sehemu kubwa ya vitabu vya taifa iliungua humo. Miswada ya Rizal iliponea chupuchupu kwa sababu ilikuwa imefichwa. Halafu, kana kwamba hiyo haikutosha, Desemba 1961 ikaibwa. Wezi walitaka fidia. Waziri wa Elimu, Alejandro Roces, akashughulika nao mwenyewe mpaka ikarudi mwaka uliofuata. Na kitabu kimojawapo cha kwanza kabisa kuchapishwa visiwani humo, cha mafundisho ya dini cha mwaka 1593, chenye Kihispania na Kitagalogi, lugha ya upande wa Manila, na herufi zao za kale za baybayin, kimebaki nakala moja tu inayojulikana duniani. Iko Washington, katika Maktaba ya Bunge la Marekani. Ate hakuwa akilijua hilo. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza: "Kwa hiyo wajukuu wa walioandika wanaomba viza kwenda kukiona?"

Kwenda Marikina tulipanda treni ya LRT-2, tukamalizia kwa jeepney, matatu ya kwao, tumebanana goti kwa goti, nauli ikipita mkono kwa mkono hadi kwa dereva na chenji ikirudi njia ile ile bila kupungua senti. Marikina ni mji wa washona viatu, na ni mji wa mto. Septemba 2009 kimbunga walichokiita Ondoy kiliufanya mto huo upande zaidi ya mita 21, na Novemba 2020 kimbunga Ulysses kikarudia. Watu wa pale wanakutajia vipimo vya mto kama mtu wa pwani anavyokutajia maji kujaa na kupwa: ukifika mita 15 kengele ya kwanza, 16 uanze kutoka, 18 unatolewa hata kama hutaki.

Chumba cha kusomea kiko ghorofa ya juu ya jengo la barangay, yaani serikali ya mtaa. Mwanzo kilikuwa chini. Ondoy alipokuja, vitabu viliumuka vikapasua makabati, na waliobaki navyo walikaa siku nyingi wakivikausha ukurasa kwa ukurasa, kisha ukungu ukavimaliza hata vile vilivyokauka. Sasa rafu ya chini kabisa wameiacha tupu hata huko juu. Sheria ya mwaka 1994 inasema kila barangay iwe na kituo cha kusomea, na nchi ina barangay zaidi ya 42,000. Sheria iko, vitabu ndivyo vya kutafuta, na mtu wa kufungua mlango.

Hapa anayefungua ni mwalimu mstaafu, bibi mfupi mwenye miwani ya kamba, aliyemfundisha Ate kusoma. Ate aliinama, akauchukua mkono wake akauweka kwenye paji la uso. Nami nikafanya hivyo. Kwetu mkono wa mkubwa tunaubusu, kwao unagusa kichwa, heshima ni ile ile. Nikamwita Lola, bibi, kama walivyomwita wote. Wengine ni wanafunzi wa chuo wawili watatu, fundi viatu anayekarabati majalada kwa gundi ile ile ya soli, na mama mmoja muuza taho, kitafunio laini cha soya, anayekuja mchana ndoo zake zikishaisha.

Boksi letu lilikuwa limetangulia kwa meli na lilikuwa limetungoja lifunguliwe mbele yetu, kwa adabu. Kijana mmoja wa chuo alilichana gundi huku akinisimulia jinsi mwaka 2009 forodha walivyotaka kutoza ushuru vitabu vya kutoka nje, ingawa nchi yao ilikubali mkataba wa UNESCO unaoviachia, na jinsi wasomaji walivyopiga kelele mpaka Rais Gloria Arroyo akaamuru ushuru uondolewe. Akafungua. Lola akaanza kutoa.

Riwaya ya mauaji ya Sweden. Nyingine ya mauaji, ya Norway. Mwongozo wa mvinyo wa Ufaransa. Jinsi ya kupunguza tumbo. Jinsi ya kuwa kiongozi. Mauaji tena. Kila kimoja alikigeuza, akasoma mgongo wake, akakiweka mezani taratibu, na rundo likapanda. Cha Kifilipino hakikuwepo hata kimoja, na kingetoka wapi? Lola hakusema neno la kutuudhi. Aliuliza tu mtoto wa miaka sita atasoma kipi kati ya hivi.

Kijana wa chuo akajibu kabla yangu. Alisema wasomaji wao wengi si wa miaka sita. Ni vijana wanaotaka kazi za vituo vya simu, kazi za usiku za kuwajibu wateja wa Marekani, na huko Kiingereza ndicho mshahara. Lola akasema kijana anayechukia kusoma Kiingereza leo ni mtoto ambaye jana hakupewa kitabu cha lugha ya nyumbani. Wakaendelea, kwa heshima kubwa na sauti zinazopanda, kijana kila sentensi akiimalizia kwa "po" ya adabu. Nilielewa kwamba ubishi huo ni wa zamani na sisi tumeutia kuni tu. Nchi ina visiwa 7,641 na lugha zaidi ya mia. Kuanzia karibu 2012 watoto wa madarasa ya chini walifundishwa kwa lugha za mama. Oktoba 2024 sheria nyingine ikaondoa ulazima huo. Lola alikuwa amefundisha wakati wote huo, na kila waziri alimkuta darasani na kumwacha humo.

Mimi nilikaa kimya kwa sababu nilikuwa nikikumbuka maktaba ya mtaa wetu, utotoni. Kontena lilikuja kutoka Uingereza, likapokewa kwa ngoma. Nilisoma yote kuhusu theluji na wanyama wanaolala miezi mitatu shimoni. Nilivipenda, sikatai. Lakini kitabu cha kwanza nilichokiona chenye dau na mnazi nilikuwa tayari nimebalehe. Anayetoa msaada wa vitabu, mara nyingi hutoa alivyomaliza navyo. Nasi wa dobi na usafi tulikuwa tunafanya hivyo hivyo, tena kwa moyo safi.

Jumamosi ilikuwa siku ya watoto. Agosti ni mwezi wa lugha ya taifa, basi wengine walikuja na mavazi ya kale, shati jeupe la barong, blauzi za mikono mipana, na chini kandambili kwa sababu ya tope. Ukutani kulikuwa na karatasi ya baybayin na kila mmoja alijiandika jina. Kisha Lola akasimulia ya Kobe na Nyani. Wameokota mgomba, Nyani akachukua nusu ya juu yenye majani, Kobe akaridhika na ya chini yenye mizizi. Wa Kobe ukazaa. Nyani akapanda kumchumia, akala zote juu huko huko. Kobe akazungushia shina miiba. Nyani alipokamatwa na miiba akaapa kumwadhibu: nikutwange kinuni au nikutupe majini? Kobe akalia, tafadhali, usinitupe majini! Ni hekaya ambayo Rizal mwenyewe aliiandika katika jarida moja la London, Julai 1889, na siku ya vitabu vya watoto nchini humo, Jumanne ya tatu ya Julai, imewekwa kwa ajili ya chapisho hilo.

Watoto wakanigeukia: na kwenu? Nikawapa ya kobe wetu, aliyekamatwa na simba akamwambia, gamba langu gumu, nitie majini unisugue kwa mguu mpaka lilainike. Simba akasugua. Kobe akateleza zamani, simba bado anasugua jiwe na kujichuna ngozi. Niliisema kwa Kiswahili, Ate akifuata na Kitagalogi, na simba alipofika kusugua jiwe hawakungoja tafsiri, maana nilikuwa sakafuni nasugua.

Siku iliyofuata Ate alinichukua dukani. Kuna vitabu vya watoto vya Adarna House, wachapishaji walioanza mwaka 1980, vyenye picha, Kifilipino juu na Kiingereza chini. Tulipiga hesabu tumesimama pale pale: nauli ya boksi moja kutoka Satwa ingenunua rundo zuri la hivi. Tukanunua kwa pesa tulizokuwa nazo, na tukapatana kwamba tangu hapo nusu ya nauli tutaituma kwa simu, Lola achague mwenyewe. Kijana wa chuo aliomba nusu nyingine ibaki boksi. Tukakubali.

Usiku wa kuaga walipika pancit, tambi za kwao. Lola alinivuta pembeni na kile kitabu cha Sweden mkononi, karatasi ya peremende imewekwa alama karibu na mwisho. Akataka kujua kama wageni wetu huacha pia sehemu ya pili, maana hiki kinakatika kabla muuaji hajashikwa.