Mzee wako hasomi Kiingereza? Ana haki ya kuingia kituo cha kura na msaidizi

Warundi wa mwaka 1972, yaani waliokimbia mauaji ya Burundi mwaka huo na walioanza kuhamishwa kutoka kambi za Tanzania kuja Marekani mwaka 2007, sasa wana wazee walioapa uraia bila mtihani wa Kiingereza. Sheria inamruhusu aliyefikisha miaka 55 na kuwa mkaazi wa kudumu kwa miaka 15, au miaka 50 kwa ukaazi wa miaka 20, kufanya mtihani wa uraia kwa lugha yake mwenyewe akiwa na mkalimani. Kwa mkimbizi, miaka hiyo huhesabiwa tangu siku aliyoingia nchini, si siku aliyoshika grini kadi. Kwa hiyo mzee ni raia kamili. Lakini siku ya kura ikifika anabaki nyumbani kwa sababu karatasi ya kura ni ya Kiingereza, na watoto wanadhani hakuna anayeruhusiwa kusimama naye kwenye kituturi.

Anaruhusiwa. Kifungu cha 208 cha Sheria ya Haki ya Kupiga Kura kinasema mpiga kura anayehitaji msaada kwa sababu ya upofu, ulemavu au kutojua kusoma na kuandika anaweza kusaidiwa na mtu anayemchagua mwenyewe. Wanaokatazwa ni mwajiri wake au wakala wa mwajiri, na kiongozi au wakala wa chama chake cha wafanyakazi. Mtoto, mjukuu, jirani, mchungaji, wote ruksa.

Haki hii ina damu ndani yake. Marekebisho ya 15 ya Katiba yalikataza ubaguzi wa rangi katika kura tangu 1870, lakini majimbo ya Kusini yakageuza kusoma na kuandika kuwa ukuta. Huko Selma, Alabama, ofisi ya uandikishaji ilifunguliwa siku mbili tu kwa mwezi. Mtu Mweusi alipanga foleni, akajaza fomu ndefu, akaulizwa maswali ya Katiba. Kufupisha neno moja au kutoandika jina la kati kwa ukamilifu kulitosha kumwangusha, na mwenye kusahihisha alikuwa karani Mzungu. Mama Amelia Boynton alikuwa akiwafundisha watu namna ya kuijaza fomu hiyo. Tarehe 7 Machi 1965, katika maandamano ya kudai haki ya kura, alipigwa na askari hadi akazimia kwenye daraja la Edmund Pettus. Sheria ya Haki ya Kupiga Kura ilitiwa saini tarehe 6 Agosti mwaka huohuo, na mitihani ya kusoma ikasimamishwa katika majimbo yale. Mississippi, ambako Weusi walioandikishwa hawakufika asilimia 7 mwaka 1964, ilikaribia asilimia 60 mwaka 1967. Kifungu cha 208 chenyewe kiliongezwa mwaka 1982.

Msisubiri karatasi ya Kiswahili. Kifungu cha 203, cha mwaka 1975, kinalazimisha baadhi ya kaunti kuchapisha kura kwa lugha nyingine, lakini makundi yaliyotajwa ni wenye asili ya Kihispania, Waasia, Wahindi Wekundu na wenyeji wa Alaska. Lugha za Afrika hazimo, hata tukijaa mtaa mzima. Ndiyo maana msaidizi ndiye tegemeo letu.

Kazi inaanza wiki kadhaa kabla. Chukueni mfano wa karatasi ya kura kwenye tovuti ya kaunti, msome pamoja mezani kwa Kiswahili au Kirundi. Nafasi ya rais ni rahisi. Kazi kubwa iko kwenye majaji, bodi ya shule, na maswali ya kura ya maoni, ambayo huandikwa kisheria kiasi kwamba "ndiyo" inaweza kuwa na maana ya kufuta kitu. Andikeni chaguo kwa mkono kwenye karatasi, kwa kuwa majimbo mengi yana masharti juu ya simu ndani ya kituo. Mbele ya msimamizi, mzee aseme kwamba anahitaji msaada na amwonyeshe aliyemchagua. Baadhi ya majimbo humtaka msaidizi ajaze fomu au ale kiapo. Ajaze bila ubishi. Kisha asome kila kitu, aweke alama pale mzee anapotaka, na asimchagulie. Nafasi ambayo mzee hana maoni iachwe wazi, kura nyingine zitahesabiwa.

Kinachowaharibia wengi ni kumbukumbu za leseni ya udereva. Kama leseni au kitambulisho cha jimbo kilitolewa mtu akiwa na grini kadi, kumbukumbu hubaki zikisema si raia. Januari 2019 Texas ilitangaza wapiga kura wapatao 95,000 wa kuchunguzwa kwa kulinganisha na kumbukumbu hizo, na wengi walikuwa raia walioapa. Baada ya kiapo, peleka cheti cha uraia ofisi ya leseni na ya Social Security, na hakikisha jina limeandikwa sawasawa kote. Ukihama, badilisha anwani. Kadi ambayo ofisi ya uchaguzi hutuma kuthibitisha anwani usipoijibu, kisha ukapitisha chaguzi kuu mbili za shirikisho bila kupiga kura, jina linaweza kufutwa.

Na ndugu mwenye grini kadi asiguse fomu ya kujiandikisha kupiga kura kabisa. Tangu sheria ya mwaka 1993, ofisi za leseni huuliza kama unataka kujiandikisha. Jibu ni hapana, hata karani akikusukuma. Kudai uraia usio nao kunaweza kukufukuzisha nchini, na fomu ya kuomba uraia, N-400, itakuuliza kama uliwahi kujiandikisha.

Jina la mzee lisipoonekana siku hiyo, msiondoke. Ombeni kura ya muda (provisional ballot), inayohesabiwa haki ya mpiga kura ikithibitishwa, ambayo sheria ya shirikisho ya mwaka 2002 inawapa wanaodai wana haki, pamoja na maelezo ya jinsi ya kufuatilia kama ilihesabiwa. Ulizeni palepale ni nyaraka gani zipelekwe kaunti na mwisho ni lini, kwa sababu muda huo huwa ni siku chache tu.