Kumbukumbu ya mradi: gitaa la plastiki na pointi laki mbili

Wiki ya kwanza

Lengo nimeliandika kwa maka peni ubavuni mwa boksi la PS2, mashine ya gemu ya Sony: pointi laki mbili, wimbo mmoja, kiwango cha ugumu cha tatu kati ya vinne. Nilipoanzia ni 148,210 na nyota nne kati ya tano. Wimbo wenyewe sitautaja, nyumbani wameshauchoka hata jina.

Mchezo ni Guitar Hero II, kazi ya Harmonix wa Marekani, umetoka mwaka 2006. Unachezwa kwa gitaa la plastiki lenye vitufe vitano shingoni (kijani, nyekundu, njano, bluu, chungwa) na kijiti katikati cha kucharazia. Noti zinateremka kwenye skrini zikikufuata. Noti ikigusa mstari wa chini, uwe umebonyeza rangi yake na unacharaza papo hapo. Mitaani kwetu PS2 zilijaa, ila kwenye vibanda vya gemu ilikuwa ni mpira na pedi tu, gitaa hukuti. Hili langu nimelipata kwa muuza vitu vilivyotumika, limechomoza kwenye rundo la pasi na majagi ya umeme. Alidhani ni mdoli wa mtoto, na mimi sikumsahihisha. Ni lile la waya. Bahati hiyo si ndogo, kwa sababu yasiyo na waya mara nyingi yanafika yamepotezana na kipokezi chake, na bila kipokezi unabaki na pambo la ukutani.

Nimecheza kama mara thelathini wiki hii. Pointi zimegoma pale pale, mia mbili juu, mia tano chini. Nimejiaminisha kwamba vidole vyangu ni vizito.

Wiki ya pili

Tatizo la kwanza halikuwa vidole. Lilikuwa sebuleni, limetundikwa ukutani.

Nilikuwa nacheza kwenye runinga bapa, na sauti nimeichomoa kwenda kwenye sabufa ili nisikie vizuri. Kumbe hapo ndipo nilipojitega. PS2 inatoa picha ya mfumo wa zamani, na runinga bapa inaipokea, inaigeuza, inaikuza ijae kwenye kioo, ndipo inakuonyesha. Kazi hiyo inakula muda. Ukiwa unaangalia taarifa ya habari hutaujua, lakini kwenye gemu ya mapigo utaujua. Sauti yangu nayo ilikuwa inakwenda moja kwa moja kwenye sabufa bila kusubiri mtu. Kwa hiyo sikio lilikuwa linaambiwa "sasa" na jicho linaambiwa "bado". Nilipofuata sikio nilipatia zaidi, nilipofuata jicho nilichelewa, na kwa kuwa nilikuwa navifuata vyote viwili kwa zamu, makosa yalikuwa hayana mpangilio wowote.

Stoo kulikuwa na TV ya kichogo, inchi 21, juu yake ndoo. Nimeishusha, nimeifuta, nimechomeka waya tatu za rangi. Picha inachorwa kadiri inavyoingia, hakuna kusubiriana. Mchezo wa pili tu: 161,480. Bado nyota nne, ila ni pointi elfu kumi na tatu kwa sababu ya kuhamisha waya! Mwenye runinga bapa pekee asikate tamaa: nyingi zina mpangilio wa gemu kwenye menyu ya picha, unaopunguza usindikaji huo. Hauondoi wote, lakini unasaidia. Na sauti iache itoke kwenye runinga yenyewe.

Wiki ya tatu: daftari

Hapa niliacha gitaa siku mbili nikashika kalamu. Nilitaka kujua pointi zinatoka wapi hasa.

Kila noti moja ni pointi 50. Ukicharaza rangi mbili kwa pamoja ni 100, yaani kila rangi inahesabiwa, ila kwenye mfululizo inahesabika kama pigo moja. Noti ndefu inaongeza pointi kadiri unavyoishikilia. Tofauti na gemu nyingine za mapigo, hapa hakuna "umepiga vizuri sana" na "umepiga vizuri kiasi". Kuna mlango mdogo wa muda. Umepita au umebaki nje, basi. Kwa hiyo kuhangaikia usahihi wa kupindukia hakuongezi hata pointi moja.

Kinachoongeza ni kizidishi. Ukifululiza noti 10 bila kosa, kila kitu kinakuwa mara mbili, ukifika 20 mara tatu, ukifika 30 mara nne, na hapo ndipo mwisho wa kupanda. Kosa moja linakurudisha sifuri. Nikakaa nikapiga hesabu ya kosa moja ukiwa kwenye mara nne: unapoteza noti yenyewe, 200, kisha unapanda ngazi upya kupitia moja, mbili na tatu. Kwa noti za rangi moja moja, safari hiyo ya kurudi juu inakugharimu karibu pointi 3,000 ambazo ungezipata kama usingekosea.

Niliitazama hiyo namba kwa muda mrefu. Maana yake ni kwamba makosa kumi yaliyotawanyika wimbo mzima yanakula elfu thelathini. Makosa hayo hayo kumi yakirundikana mfululizo sehemu moja yanakula elfu tano hivi. Mimi nilikuwa nimetumia wiki nzima nikipigania sebene (ndiyo, hata rock ina sebene yake, pale solo linapochachamaa) ili nipunguze makosa kutoka kumi na mbili hadi tisa, huku kwenye beti za kawaida nikiangusha noti moja hapa, moja pale, kwa sababu nilikuwa nimezidharau. Nilikuwa naziba tundu la sindano huku mlango uko wazi.

Sera mpya: sebene ijiendee, beti zisiguswe na kosa. Na nikipotea kwenye sebene, nanyamaza kabisa hadi nipate pa kuingilia, maana kucharaza pasipo na noti nako ni kosa.

Nyota nazo nimezielewa. Tano zinataka pointi zako zifike mara 2.8 ya pointi za wimbo bila kizidishi, nne zinataka mara 2. Ndiyo maana mtu anaweza kupiga noti nyingi sana na bado akatoka na nyota nne: alizipiga, lakini alizipiga akiwa chini ya ngazi.

Wiki ya nne: nguvu ya nyota, au namna ya kutumia mshahara

Hii ndiyo sehemu niliyoifurahia kuliko zote.

Kwenye wimbo kuna mafungu ya noti zenye umbo la nyota. Ukilipiga fungu zima bila kuacha hata moja, robo ya chupa yako (ndivyo ninavyokiita kipimo cha nguvu ya nyota kwenye skrini) inajaa. Kuanzia nusu chupa unaweza kuifungulia: unainua shingo ya gitaa juu, na kwa muda fulani kila kitu kinazidishwa mara mbili tena. Mara nne inakuwa mara nane. Chupa nzima inadumu baa nane (baa moja ni mapigo manne ya muziki), nusu inadumu nne. Na kuna sharti ambalo nilikuwa silioni: mafungu ya nyota yanayopita wakati umeshafungulia hayakujazii kitu. Yanapita hivi hivi.

Wimbo wangu una mafungu saba. Mtindo wangu wa zamani ulikuwa wa mtu aliyepokea mshahara tarehe 28 na tarehe 29 anakopa. Nusu chupa tu, gitaa juu! Nilifungulia baada ya fungu la pili, la tatu likapita bure. Tena mara nyingi nilifungulia nikiwa ndani ya shida, mshale wa kipimo cha kushindwa unaelekea kwenye wekundu, kizidishi kiko mara moja, kwa hiyo "mara mbili" yangu ilikuwa mara mbili ya kitu kidogo. Kwa kujiokoa inafaa, kwa pointi ni hasara.

Nikachora wimbo mzima kwenye daftari, baa kwa baa, kwa kusikiliza na kusimamisha. Halafu nikalinganisha. Baa nane zenye noti moja kwa kila pigo, yaani noti 32 za 50, ukiwa mara nne: kufungulia hapo kunakuongezea 6,400. Baa nane za beti la mwisho, ambapo gitaa linapiga rangi mbili mbili, nane kwa kila baa, ni mapigo 64 ya 100: nyongeza ni 25,600. Chupa ni ile ile, mfuniko ni ule ule, ila mara nne zaidi. Macho yanadanganywa na sebene kwa sababu noti ni nyingi na zinakimbia, lakini zangu zote zilikuwa za rangi moja moja, tena kule ndiko ninakokosea. Pointi zimejificha kwenye ridhim, pale panapochosha.

Mpango: kusanya fungu la kwanza hadi la nne bila kugusa, mwaga chupa nzima kwenye beti hilo. Halafu la tano na la sita, nusu chupa, kwenye kiitikio cha mwisho. Fungu la sita lina noti ndefu, na ukiutikisa ule mkono wa chuma chini ya gitaa wakati unaishikilia, chupa inaongezeka kidogo kidogo. Mwanzoni niliudhani ni urembo.

Matokeo: 184,900. Nyota tano. Mke wangu alitoka jikoni kuangalia kulikoni.

Wiki ya tano

Mjomba amekuja kukaa siku chache. Ujana wake alipiga ridhim kwenye bendi ya dansi, si maarufu, lakini walikula kwayo. Nilipomwonyesha gitaa aliligeuza upande wa nyuma akatafuta nyuzi.

"Mjomba, hiki kitu kinapigwaje?" akaniuliza.

Nikacheza. Akatulia hadi mwisho, kisha akasema mkono wangu unacharaza kama unafukuza nzi. Kweli, nilikuwa nashusha tu, kila noti chini, chini, chini. Yeye akanionyesha kwa mkono mtupu: chini, juu, chini, juu, kiwiko kimetulia, kazi yote kwenye kifundo. Gemu haijali unakwenda upande gani, lakini mkono wako unajali, hasa ukifika pigo la hamsini kwenye yale 64.

Ushauri wake mwingine haukunisaidia. Alitaka nichelewe kidogo nyuma ya ngoma ili muziki "ukae". Kwenye dansi sawa. Huku hakuna anayekulipa kwa kukaa.

Lakini mjomba anahesabu baa usingizini. Alikaa nyuma yangu akihesabu kwa sauti, moja hadi nane, na kwa mara ya kwanza nikajua chupa inaisha wapi bila kuiangalia. Hilo ni muhimu, kwa sababu kuna pigo moja la rangi mbili linaloanguka mara tu chupa inapokauka. Ukilipiga mapema kidogo, ndani ya ule mlango wa muda, linahesabiwa likiwa bado mara nane. Ni pointi 400 za bure. Mjomba alilipata kwa masikio jaribio la kwanza ("hapo, piga!"), mimi nimelipata mara mbili kati ya ishirini.

Mengine ya wiki hii, haraka haraka. Noti ya rangi moja haikatazi kushikilia vitufe vya chini yake, kwa hiyo kwenye kijani-njano-kijani-njano naganda kwenye kijani, kidole cha njano peke yake ndicho kinachofanya kazi. Kwa noti za rangi mbili hilo halikubaliki, lazima ziwe zile zile. Noti zinazofuatana za kuunganisha hazihitaji kucharazwa kila moja, ukishacharaza ya kwanza zinazofuata unabonyeza tu. Nilikuwa nacharaza zote, najichosha bure. Na kijiti kilikuwa kinasoma mara mbili wakati mwingine. Nilifungua skrubu nikakuta vumbi la miaka, nikapuliza, nikafuta kwa pamba na spiriti, kikatulia.

196,320.

Wiki ya sita

Jumatano nilikuwa na mfululizo mrefu kuliko wowote niliowahi kupata. Chupa imejaa, beti la mwisho linaingia, nikainua gitaa. Umeme ukakatika. Mjomba akaendelea kuhesabu gizani, tano, sita, saba, nane, akacheka peke yake.

Alhamisi na Ijumaa nilikuwa na hasira, na hasira inacharaza pasipo na noti. Sikupata hata 190,000. Jumamosi nimerudi kwenye sehemu ya mazoezi ya gemu yenyewe, inayokuruhusu kuchagua kipande cha wimbo na kukipunguza kasi. Sikufanya sebene. Nimefanya beti la kwanza, lile rahisi, mara kumi na tano mwendo wa kawaida, hadi likapita bila kosa mara tano mfululizo. Kuna sehemu mbili nilikuwa nikiangusha noti kwa kuwahi, na zote mbili ni pale mwimbaji anapoanza: nilikuwa nafuata sauti yake badala ya ngoma.

Jumapili asubuhi, kabla watu hawajaamka, sauti chini: 201,360.

Sebene nilikosea mara kumi na moja. Lile pigo la 400 sikulipata. Fungu la saba nililikusanya nikaishia nalo mkononi, robo chupa isiyofunguka, wimbo ukaisha. Hilo linanisumbua kuliko sebene. Kama noti ndefu za fungu la sita na la saba nikizitikisa vizuri, na nisifungulie kiitikio cha mwisho hadi la saba liingie, nitakuwa na robo tatu na ushei, baa sita au zaidi badala ya nne, na bado kuna mapigo ya rangi mbili kule mwishoni kabla muziki haujazimika. Nimeshachora kwa penseli. Mjomba anaondoka Jumanne, kwa hiyo nina jioni mbili za kuhesabiwa. Naanza leo, umeme ukiwepo.