Samaki wa Uingereza na waliowabandika majina

Mtu wa pwani aliyezoea changu, tasi na nguru, akihamia London, hujikuta mbele ya meza ya muuza samaki akisoma majina ambayo mengi, kwa maoni yangu, yana mkono wa mfanyabiashara kuliko wa mvuvi.

Yapo ya kale yasiyo na hila. Jina la halibut, samaki bapa mkubwa, limeundwa kwa maneno mawili ya Kiingereza cha zamani, moja la utakatifu na jingine la samaki bapa, kwa kuwa aliliwa siku takatifu ambazo Kanisa lilikataza nyama.

Ujanja unaanza kwenye maduka ya samaki na chipsi, ambako rock salmon, yaani samoni wa mwambani, si samoni hata kidogo bali ni papa mdogo ambaye Waingereza humwita dogfish, yaani samaki-mbwa, jina ambalo mteja asingependa kulisikia akiagiza chakula. Kwetu mchuzi wa papa huagizwa kwa jina lake bila haya.

Aliyefanikiwa kupita wote ni Lee Lantz, mfanyabiashara wa Marekani, ambaye mwaka 1977 alikutana nchini Chile na samaki wa kina kirefu aliyeitwa Patagonian toothfish kwa ajili ya meno yake, akamuuza kwao kama Chilean sea bass, yaani bass wa bahari ya Chile. Samaki huyo hana udugu na samaki halisi aitwaye bass, na wengi wao huvuliwa mbali na Chile, lakini mwaka 1994 mamlaka ya chakula ya Marekani ililikubali jina hilo kibiashara, na bei ikapanda hadi mikahawa ya kifahari. Cornwall nayo, jimbo la pwani kusini-magharibi mwa Uingereza, baada ya Uingereza kutoka Umoja wa Ulaya, iliamua mwaka 2021 kumuuza samaki bapa aitwaye megrim kama Cornish sole, yaani sole wa Cornwall, ili wenyeji wamnunue. Jina la awali, ambalo pia ni neno la zamani la kipandauso, halikuwa likimsaidia.

Sangara wetu, ambaye katika maduka ya Waafrika hapa huandikwa Nile perch, alipewa na wakoloni jina la samaki wa mito ya Ulaya asiye wa ukoo wake. Sehemu ya Nile angalau ni ya kweli, maana asili yake ni mto Nile, na katika Ziwa Victoria alipandikizwa tu miaka ya 1950, na huko Mwanza humwita sangara, Kisumu mbuta, na Uganda mputa.