Jedwali la kura za kufunga mjadala: safu ya kizingiti imeingia

Kwa mnaoingia sasa: ninakusanya kura za Seneti ya Marekani za kufunga mjadala kuhusu wateule wa taasisi za udhibiti, wale wanaokwenda kusimamia mikopo, mazingira, mawasiliano na kadhalika. Kama kuna seneta anayetaka mjadala uendelee, kura ya kumthibitisha mteule haifikiwi mpaka mjadala ufungwe. Maseneta 16 hutia saini hoja, siku moja ya kikao inapita katikati, kisha inapigwa kura. Matokeo yote yako kwenye tovuti ya Seneti, jina kwa jina, kwa hiyo malighafi si shida.

Kazi kubwa safari hii ilikuwa safu ya "kizingiti", yaani idadi ya kura za ndiyo zinazohitajika ili mjadala ufungwe. Bila hiyo, jedwali linamdanganya msomaji mchana kweupe.

Chukua mstari wa Richard Cordray, tarehe 8 Desemba 2011. Obama alimteua kuongoza ofisi mpya ya kulinda watumiaji wa huduma za fedha. Waliotaka mjadala ufungwe walikuwa 53, waliokataa 45. Ukisoma haraka utasema kapita. Hakupita, kwa sababu wakati huo zilihitajika kura 60, yaani tatu ya tano ya Seneti nzima, wawepo ukumbini wasiwepo. Olympia Snowe wa Maine aliitikia kwamba yupo, basi, hakusema ndiyo wala hapana. Kwenye Excel kishawishi ni kuacha kisanduku chake tupu, lakini kwa hesabu ya 60, kukaa kimya na kukataa ni mamoja. Nimempa herufi yake, P, na fomula inaihesabu pamoja na "hapana" na wasiopiga kura.

Na Cordray mwenyewe hakuwa ndiye tatizo. Tangu Mei mwaka huo maseneta 44 wa Republican walikuwa wameandika barua kwamba hawatampitisha mteule yeyote, awe nani, mpaka muundo wa ofisi hiyo ubadilishwe. Kwa hiyo nimeongeza pia safu ya maelezo. Namba peke yake haisemi anayepigwa ni mtu au ni kiti.

Januari 2012 Obama alimweka kwa uteuzi wa wakati wa mapumziko, yaani bila kusubiri kura ya Seneti. Kura ya pili ikaja tarehe 16 Julai 2013, baada ya Wademokrat kutishia kubadili kanuni na pande mbili kuelewana: 71 kwa 29 kufunga mjadala, halafu siku hiyohiyo 66 kwa 34 kumthibitisha. Zile kura tano zilizopotea njiani ndizo zilizonifanya nifungue safu ya "tofauti". Kuna waliokubali apigiwe kura, lakini kura yenyewe wakamnyima.

Mel Watt ndiye mfano ninaoupenda zaidi. Aliteuliwa kuongoza wakala unaosimamia Fannie Mae na Freddie Mac, makampuni mawili makubwa yanayonunua mikopo ya nyumba kutoka kwa benki. Tarehe 31 Oktoba 2013 alipata 56 kwa 42, akakwama. Tarehe 21 Novemba, kwa kura 52 kwa 48, Harry Reid, kiongozi wa Wademokrat waliokuwa wengi Seneti, na wenzake wakashusha kizingiti kuwa wingi wa kawaida kwa wateule wote isipokuwa wa Mahakama ya Juu. Tarehe 10 Desemba Watt yuleyule alipata 57 kwa 40, akapita. Ameongeza kura moja tu! Ukichora grafu ya kura za ndiyo pekee, nukta zake mbili zinakaribia kulaliana, na hakuna atakayeelewa kwa nini moja ni nyekundu na nyingine ya kijani.

Usumbufu mmoja wa kusafisha data: kiongozi wa walio wengi akiona hoja inaanguka, mara nyingi huhamia "hapana", kwa sababu kati ya waliopiga kura, anayeruhusiwa kuomba kura irudiwe ni yule aliyekuwa upande ulioshinda. Ndiyo maana Reid anaonekana hapa na pale akiwapinga wateule wa rais wa chama chake. Kura za namna hiyo nimezitia nyota.

Baada ya 2013 mistari inachosha kidogo. Scott Pruitt, mteule wa kuongoza wakala wa mazingira, Februari 2017, alipata 54 kwa 46 kwenye kufunga mjadala na 52 kwa 46 kwenye kuthibitishwa. Kathy Kraninger, aliyekwenda kukalia kiti cha Cordray, mwaka 2018 alipata 50 kwa 49 mara zote mbili. Kwake safu ya tofauti haina kitu.

Ugomvi ulihamia kwenye saa. Aprili 2019 Warepublican walipunguza muda wa kusubiri baada ya mjadala kufungwa, kutoka saa 30 hadi saa 2, kwa wateule wengi walio chini ya ngazi ya mawaziri. Kwa hiyo safu inayofuata ni ya muda kati ya kura ya kwanza na ya pili. Nitaanza na Pruitt, maana kura zake ziliangukia tarehe 16 na 17, na fomula niliyonayo sasa inatoa saa za siku moja tu.