Maji ya Mbeya hayachemki kwa nyuzi 100

Wiki ya tatu sasa tangu nirudi Mbeya kutoka Ujerumani, na "mia moja" ile haijanitoka kichwani.

Niliondoka 2009, uwanja wa Songwe haujafunguliwa. Nimerudi mwezi wa saba, baridi ni ile ile mnayoijua. Mwanjelwa imefurika, bajaji zimekuwa kama siafu, kuvuka pale Kabwe ni shughuli. Hayo niliyatarajia. Siku ya nne nikaenda shuleni kwetu kumwulizia mwalimu wetu wa fizikia. Alishastaafu, wakaniambia, yuko Uyole. Nikiwa nasubiri kuelekezwa nikaiona maabara mpya: vigae, mabomba, meza ndefu. Mlangoni kufuli. Nikachungulia dirishani, maboksi ya vifaa bado yamebandikwa gundi, vumbi limetanda juu.

Kwenye ngazi walikaa wanafunzi watatu, kidato cha tano, PCM (fizikia, kemia na hisabati). Nikawauliza: hapa Mbeya maji yanachemka kwa nyuzi ngapi?

"Mia moja."

Hapa hapa tulipo?

"Mia moja, dada. Iko kwenye kitabu."

Mliosoma enzi zetu mnajua kwa nini miguu iliniisha nguvu. Sisi hatukuwa na maabara. Tulikuwa na stoo, jiko la mchina, sufuria na kipimajoto kimoja kwa watu arobaini na kitu. Mwalimu alikitunza ndani ya kasha la mswaki, kimeviringishiwa pamba. Siku ile alikifunga uzi kwenye kijiti, akakining'iniza ndani ya maji kisiguse kitako cha sufuria, maana pale chini kungekipa joto la bati, siyo la maji. Tukapita mmoja mmoja kusoma. Maji yanatokota kabisa, kipimajoto kimegoma kwenye 94. Tukasema kimekufa. Hakubishana nasi.

Jumamosi akatupandisha mlima Loleza, tunapokezana jiko, mafuta ya taa na dumu la maji. Kule juu, zaidi ya mita 2,600, upepo ulizima moto mara mbili, tukavua makoti na kulikinga jiko. Maji yakachemka kwenye 91. Hapo ndipo alipoanza kufundisha: mji wetu uko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa inayoyakandamiza maji ni pungufu, basi yanachemka kabla hayajafika moto wa Dar. Kila unapopanda mita 300 inapungua karibu nyuzi moja. "Sasa kamwambieni mama kwa nini maharage yanamaliza mkaa." Maji yanatokota lakini joto lenyewe ni dogo, ndiyo maana. Nilimwambia mama jioni ile ile, na tangu hapo akawa anaweka jiwe juu ya mfuniko.

Mafuta ya taa alinunua kwa mshahara wake. Tulikuja kujua baadaye sana.

Huko Hamburg nilifanya kazi maabara, na mji ule uko karibu na usawa wa bahari. Siku ya kwanza kuona maji yanachemka kwenye 100 kamili nililia mbele ya wenzangu. Sikuwa na namna ya kuwaeleza.

Nyie mnaojiandaa kurudi na mnaniuliza mbebe nini: chokoleti acheni. Bebeni vipimajoto. Na mkifika, msimalize wiki mbili kwenye sherehe za ndugu kabla ya kumsalimia aliyewafundisha. Mimi nilikaa miaka 15 sijampigia hata simu, na kwa hilo sijisamehe, hata yeye akinisamehe.

Nilimkuta uani anachambua maharage. Macho yamepungua, akanijua kwa sauti. Shikamoo mwalimu. "Marahaba mwanangu, ndaga fijo kwa kuja," yaani asante sana kwa Kinyakyusa. Nikamweleza yote, kufuli, maboksi, mia moja. Nilitegemea akasirike kama mimi. Akaendelea kutoa mawe kwenye ungo, kisha akauliza:

"Uliwapimia?"

Sikuwapimia. Niliwasikitikia, nikaondoka.

Nimeomba nafasi pale shuleni, wamesema nisubiri jibu. Jiko la mchina nimeshanunua Mwanjelwa. Kipimajoto amenipa yeye, kile kile, ndani ya kasha la mswaki.