Ndoo kwenye foleni, mpira kiwanjani: jinsi timu yetu ya wasichana ilivyosimama

Kila ninapokutana na mtu anayetaka kuanzisha timu ya soka ya wanawake, huniambia kwamba anasubiri mfadhili. Nami niliambiwa maneno hayo hayo mwaka 2021, tena na watu wazima walioishi ndani ya soka la wilaya kwa miaka mingi: tafuta mfadhili kwanza, nunua jezi, ndipo uite wasichana. Ushauri huo ulinipotezea karibu mwaka mzima, na ndiyo sababu nimeona niandike kwa kirefu, kwa kuwa timu yetu hapa Muheza, mkoani Tanga, ilisimama kwa njia nyingine kabisa na mpaka leo haijapata mfadhili wa kudumu.

Mimi ni mfanyabiashara wa viatu vya mitumba. Shuleni nilicheza netiboli, kwani enzi zetu msichana aliyependa mpira alipelekwa kwenye netiboli na mazungumzo yakaishia hapo. Nilipoanza nilikuwa na mipira miwili, kiwanja cha shule ya msingi ambacho mwalimu mkuu aliniruhusu kukitumia baada ya masomo, na mfano wa Mlandizi moyoni. Wengi wamesahau kwamba Ligi Kuu ya Wanawake ilipoanza msimu wa 2016/17, bingwa wa kwanza hakutoka kwenye klabu kubwa za Kariakoo, Dar es Salaam, wala timu za jeshi, bali alikuwa Mlandizi Queens, timu ya mji mdogo wa mkoa wa Pwani ambao abiria wa barabara ya Morogoro huuona dirishani na kuupita. Kama Mlandizi waliweza, sisi wa Muheza tulikuwa na sababu gani ya kushindwa?

Kosa langu kubwa lilizaliwa na huo huo wimbo wa mfadhili. Tajiri mmoja wa mjini alisema atatusaidia akituona tukicheza fainali ya kombe la kata, na mshauri wangu mmoja akanihakikishia kwamba kwa wasichana nilionao fainali tungeisikia redioni tu, hivyo nilete mamluki, yaani wachezaji wa kukodi. Nikaleta sita kutoka nje ya wilaya. Niliwalipia nauli, nikawalaza sebuleni kwangu juu ya mikeka, nikawapikia wali asubuhi na jioni, na posho tukakubaliana kwa kila mechi. Kwa jumla nilitumia laki tatu na ushee, fedha ambayo ilikuwa mtaji wa robota zima la viatu. Mechi ya kwanza tukashinda manne kwa bila, ya pili tukavuka kwa penalti, na mtaani watu wakaanza kunisalimia kwa jina la kocha.

Asubuhi ya nusu fainali niliamka kabla ya swala ya alfajiri kuandaa chai, nikawakuta wote sita wameketi juu ya mikeka, mabegi yamefungwa, viatu vimening'inizwa begani. Mkubwa wao akaniambia kwa adabu kabisa kwamba posho ya nusu fainali ni mara mbili, na kwamba wanataka kuishika mkononi kabla ya kutoka nje. Sikuwa nayo. Saa moja na nusu walikuwa wamekwisha kupanda basi, na saa kumi jioni nikaingia kiwanjani na wachezaji tisa, wote wasichana wa hapa hapa ambao kwa wiki mbili niliwaweka benchi. Mmoja wao alicheza na kiatu cha mguu wa kulia tu, kwa sababu cha kushoto kilikuwa kimechukuliwa kimakosa ndani ya mojawapo ya yale mabegi, akajifunga kitambaa mguuni na kukimbia dakika zote 90. Tulifungwa saba. Baada ya mechi hakuna aliyelia, yule wa kiatu kimoja alinisogelea akaniuliza, "Kocha, siku zote hizo ulikuwa unatuweka benchi tumngojee nani?"

Sikumjibu siku ile. Nilimjibu kwa kutomwita mamluki hata mmoja tena, na yeyote anayeniomba ushauri humwambia kwamba mchezaji wa kukodi ataondoka na kila kitu, pamoja na kiatu cha mwenzake.

Hata hivyo wachezaji wa nyumbani nao walikuwa na tatizo ambalo nililielewa vibaya kwa muda mrefu. Katika daftari walikuwa 22, lakini saa kumi jioni walikuwa wakifika saba au wanane, tena si wale wale. Mshauri mwingine akasema nitoze faini kwa wanaokosa mazoezi. Bahati njema, kabla ya kutangaza faini nilizunguka nyumba kwa nyumba kuuliza. Nyumba ya tatu nilimkuta mama mmoja mtu mzima anachambua mchicha barazani. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, nikamweleza kilichonileta, naye bila kuinua macho akasema, "Mwanangu, mimi na mpira hatuna ugomvi. Lakini ukimchukua huyu saa kumi, maji nitachotewa na nani?"

Maneno hayo niliyasikia nyumba baada ya nyumba, yakibadilika sauti tu. Bomba la mtaa hufunguliwa jioni, foleni yake huchukua saa nzima au zaidi, na kazi ya foleni ni ya msichana. Sasa, bomba lenyewe liko kama hatua mia moja kutoka kwenye goli la upande wa mashariki wa kiwanja chetu, na hilo ndilo lililonifungua akili. Nilikwenda kwa mama anayelinda bomba na kukusanya fedha, nikamwomba tuwe tunamlipa kwa pamoja mwanzoni mwa wiki, na ndoo zetu zipangwe foleni moja pembeni, zikiingia kwa zamu na ndoo za watu wengine ili asionekane kutupendelea. Kuanzia hapo kila mchezaji alikuja mazoezini na ndoo yake ya lita 20. Wanaopumzika, wawili wawili kwa zamu, ndio waliokwenda bombani kujaza, na saa kumi na mbili jioni kila msichana alirudi kwao na maji kichwani.

Zile ndoo zikawa pia ndizo koni zetu. Kabla bomba halijafunguliwa tulizipanga katikati ya kiwanja, hatua mbili mbili, na wasichana wakapita katikati yake na mpira mguuni kwa kupindapinda. Ndoo tupu ya plastiki ikiguswa na mpira hutoa mlio, nami niliweza kuwa nimegeuka nikimwelekeza kipa huku nikihesabu kwa masikio ni nani anayeachia mpira mbali na mguu. Katika mwezi wa pili mahudhurio yalifika 19. Nyumba zilizokuwa zimefunga milango zikafunguka, kwa sababu binti alikuwa harudi mikono mitupu.

Lilibaki suala la chuo, kwani wengi wa wasichana wetu husoma Kurani baada ya alasiri. Nilikwenda kwa ustadhi, tukakubaliana kwamba siku tatu za juma wanaosoma wangekuja wakitoka chuoni na siku mbili wasije kabisa, na akataka kujua kuhusu mavazi. Nikamweleza kwamba tangu mwaka 2014 sheria za soka zinaruhusu mchezaji kufunika kichwa, na kwamba binti anaweza kuvaa suruali ya kubana chini ya bukta na jezi ya mikono mirefu bila refa kumzuia, mradi rangi zifuatane na za timu. Aliuliza mara mbili kama ni sheria au ni hiari ya refa. Nilipomthibitishia, mazungumzo yakawa ya saa za kurudi nyumbani tu.

Kipa nilimtoa kwenye netiboli, na ninamshauri yeyote aanzie huko, kwa maana wasichana wa netiboli wana mikono ambayo huwezi kuifundisha kwa mwaka mmoja. Wa kwetu alikuwa na kasoro moja: kila alipodaka mpira alisimama palepale kama aliyepigiliwa misumari, kwa sababu netiboli haikuruhusu kukimbia na mpira na inakutaka uuachie ndani ya sekunde tatu. Wengine walitaka nimwondolee tabia hiyo. Mimi niliiacha ile ya sekunde tatu, nikambadilisha miguu tu. Nikamwambia adake, apige hatua mbili mbele, kisha arushe kwa winga kabla wapinzani hawajageuka. Magoli yetu mengi ya msimu wa kwanza wa ligi ya mkoa yalianzia kwenye mikono yake.

Kuhusu njumu ninaweza kuzungumza mpaka jua lizame, kwa sababu ni kazi yangu. Katika robota la viatu vya michezo, namba 36 hadi 39 ndizo zinazobaki chini siku nzima, maana wanaume hawazitaki, na ndizo zinazowatosha wasichana. Pea nzuri nilizipata kwa elfu tano, saba, mara chache kumi. Kunja kiatu sehemu ya vidole kabla ya kulipa. Soli ikionyesha mstari mweupe, ujue itakatika wiki ya pili. Kiwanja kikiwa kikavu na kigumu kama chetu wakati wa kiangazi, chagua zenye meno mafupi mengi, kwa sababu yale meno sita marefu ya chuma hung'ang'ania ardhi na goti ndilo linaloumia. Magoti ya wasichana ni ya kuchunga hasa. Sisi hufanya yale mazoezi ya FIFA ya kupasha mwili na kukinga majeraha yanayoitwa 11+, ya dakika 20, kabla ya kugusa mpira, na sijali anayesema yanapoteza muda.

Jambo ambalo makocha wanaume hawakunishauri, wala sikutegemea wanishauri, ni rangi ya bukta. Jezi tulizopewa mwanzo zilikuwa na bukta nyeupe, na kila mwezi wachezaji wawili watatu walitoweka bila maelezo. Nilishona nyeusi kwa fundi wa sokoni, na ndani ya mfuko wa vifaa nikaweka taulo za kike chini ya mikono ya nahodha, achukue anayehitaji bila kumwomba mtu. Mwaka 2023 hata timu ya taifa ya wanawake ya Uingereza iliacha bukta nyeupe ikavaa za bluu, baada ya wachezaji wenyewe kusema.

Akina baba walichelewa zaidi. Wapo waliobadilika Oktoba 2022, pale Serengeti Girls, timu ya taifa ya wasichana wa Tanzania, walipowafunga Ufaransa 2-1 katika Kombe la Dunia la wasichana chini ya miaka 17 kule India na kufika robo fainali. Siku chache baadaye mzazi mmoja, aliyekuwa amemkataza binti yake kwa zaidi ya nusu mwaka, alinifuata kibandani kwangu, akachagua njumu namba 37, akalipa bila kuomba apunguziwe. Huyo huyo ndiye aliyenisaidia kufuatilia vyeti vya kuzaliwa vya wachezaji kumi na mmoja ambao hawakuwa navyo, kazi iliyochukua miezi na nauli nyingi, nayo ni kazi ya kuanza mapema kabisa, kwa sababu bila cheti hakuna usajili.

Sasa wako 34, kwa timu mbili. Msimu wa machungwa mahudhurio hushuka kwa kuwa familia nyingi ziko mashambani na kwenye malori, nami siwalaumu. Baadhi ya wakulima hutuletea tenga zima siku ya mechi. Fedha hutoka kwa wazazi, mia tano mia tano kwa wiki, pamoja na sehemu ya faida ya viatu. Daftari la hesabu husomwa kwa sauti kila Jumapili ya mwisho wa mwezi, barazani kwa yule yule mama wa mchicha. Mwezi uliopita alinisimamisha katikati ya ukurasa akitaka kujua elfu tatu ya dawa ya kuchua ilikwenda wapi. Nilitoa risiti, ikazunguka mkono kwa mkono hadi ikarudi kwangu, naye akasema tuendelee na mstari unaofuata.