Virusi vya arkea, kutoka chumvi ya Katwe hadi kiini cha seli

Wekundu wa vidimbwi vya chumvi, kwenye ziwa Katwe la Uganda kama kwingineko, mara nyingi huletwa na arkea: viumbe wa seli moja, wanaofanana na bakteria kwa umbo lakini ni kundi jingine. Nao wana virusi vyao.

Kuvitafuta, chota lita moja ya maji ya kidimbwi, acha tope litulie, kisha chuja kwa kichujio cha mikromita 0.45. Cha 0.22 huzuia virusi vikubwa. Changanya maji yaliyochujwa na arkea wanaokua vizuri pamoja na agari laini (utomvu wa mwani unaoganda), umwage juu ya sahani yenye chumvi asilimia 20 hivi. Maji ya Katwe yana magadi mengi, kwa hiyo pH (kipimo cha uasidi) ya chakula cha kuoteshea iwe 9 au zaidi. Ukiishusha hadi 7, arkea wengi wa ziwa hilo hawaoti. Funga sahani zisikauke, ziweke kwenye nyuzi 37 hadi 45, usubiri wiki moja au zaidi.

Kosa linaloharibu kazi nyingi ni kusuuza vyombo kwa maji ya kunywa yasiyo na chumvi. Maji hayo hupasua seli hizi papo hapo. Na sahani ikikauka, chembe za chumvi huacha alama zinazofanana na vitobo vya virusi, yaani madoa matupu ambapo virusi vimeua seli. Tena, baadhi ya virusi hivi hutoka bila kuua seli, hivyo sahani isiyo na kitobo si ushahidi kwamba havipo.

Swali kubwa zaidi, yaani kiini cha seli zetu, chumba kinachotunza DNA, kilitoka wapi na kama kirusi kilihusika, halijibiwi kwenye sahani hizi. Jamaa wa karibu wa seli zetu ni arkea wa kundi la Asgard, walioanza kujulikana 2015 kutokana na tope la bahari kati ya Greenland na Norwei. Yule wa kwanza kuoteshwa maabara, nchini Japani, alitangazwa 2020 baada ya kazi ya miaka 12, na huchukua siku 14 hadi 25 kugawanyika mara moja. Ndiyo maana virusi vya Asgard vilivyoelezwa 2022 vilifikiwa kwa kusoma DNA. Arkea hukata kipande cha DNA ya kirusi kilichowashambulia na kukihifadhi kwenye jenomu yao, kama kumbukumbu ya adui. Ukilinganisha kipande hicho na DNA ya virusi vya tope lilelile, unajua nani alimshambulia nani. Ila vipande ni vifupi, herufi 30 hadi 40 hivi, na huweza kulingana kwa bahati tu; kubali tu vinavyolingana karibu herufi zote, mwanzo hadi mwisho.

Mwanasayansi Philip Bell alipendekeza 2001 kwamba kiini ni uzao wa kirusi kilichohamia ndani ya arkea. Mwaka 2017 ilionekana kwamba kirusi 201φ2-1, kikiwa ndani ya bakteria aina ya Pseudomonas, hujijengea ganda: DNA ndani, ribosomu (mitambo ya kutengeneza protini) nje, kama kwetu. Ufanano huo naupa uzito. Lakini ganda lile ni la protini, na limeonekana kwenye bakteria, si Asgard, ilhali kiini chetu kimezungukwa na tando mbili za mafuta zenye matundu. Anayeitetea nadharia hii bado hajathibitisha tando hizo zilipatikanaje.